Mbuzi wa Mfaransa

Ruiru, 4 Julai 1956

Bi Ndinda,

Karani wa konseli, ubalozi mdogo wa Wafaransa mjini Nairobi, aliniambia jana kwamba Auguste Delmas alifariki tarehe 4 Machi 1909. Alinisomea kutoka katika kumbukumbu zao, kisha akageuza kitabu nione mwenyewe. Msalaba wa chuma kwenye kaburi lake hapa Ruiru unasema 1919. Nilikwenda Jumapili, nikapitisha kidole juu ya tarakimu. Hazijaliwa na kutu. Moja ya tarehe hizi mbili ni kosa, na ndoa yenu inangoja kujua ni ipi.

Nayapanga mambo kama ninavyoyaelewa. Nikikosea, nisahihishe. Mwezi wa Mei wewe na mpwa wangu Kagwe mlikwenda kuandikisha ndoa misheni ya Thika. Padri Kinsella akatafuta vyeti vya ubatizo vya wazazi wenu. Akakuta baba ya Kagwe, Githinji, ambaye ni shemeji yangu, ameandikwa mtoto wa Auguste Delmas, mkulima wa kahawa, Mfaransa, na mama Wamboi, na kwamba yeye Githinji alizaliwa 1907. Akakuta baba yako, Muthoka, ameandikwa mtoto wa Auguste Delmas na mama Kalondu, na kwamba yeye alizaliwa 1914. Kila mmoja wenu alijua ana babu Mzungu. Hakuna aliyewahi kumtajia mwenzake jina. Padri amesema hatawafungisha ndoa mpaka ijulikane kama mna babu mmoja.

Ikiwa Delmas alifariki 1919, baba zenu ni ndugu na hakuna la kufanya. Ikiwa ni 1909, baba yako alizaliwa miaka mitano baada ya mazishi ya mtu anayeitwa baba yake, na hapo kitabu cha misheni kina maelezo ya kutoa.

Pasi yangu ya Hali ya Hatari, kama ya Mkikuyu yeyote, ina mipaka: inanipeleka Ruiru na Nairobi, haivuki kuja Thika. Nyinyi Wakamba mnatembea, kwa hiyo kazi ya huko ni yako. Uliza nyumbani: baba yako ana umri gani, na nani anaweza kuuthibitisha asiyetegemea kitabu cha misheni. Upande wetu wa Ruiru hauna utata.

Gerishon Muhoro

*

Thika, 9 Julai 1956

Bwana Muhoro,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma wakati wa chakula, nimekaa juu ya kreti la mananasi, na mama mmoja tunayebandika naye lebo akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nimefiwa na babu, bado hatujajua mwaka.

Nyumbani kwetu ni Ngoliba. Nina susu wawili, ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Susu Mukonyo ndiye mkubwa na boma ni lake. Susu Kalondu ndiye aliyemzaa baba. Wanakula chungu kimoja na kugombana kutwa. Baba ni nyapara katika shamba la mkonge. Ameandika DELMAS kwa chuma cha moto kwenye mpini wa panga lake na kwenye kiti chake, na ukimwita Muthoka mbele ya wafanyakazi bila kuongeza hilo jina anajifanya kiziwi. Wao humcheka nyuma: "Mfaransa gani mweusi kama chungu cha kupikia isyo!" Yeye husema Uingereza nako wako weupe wasio na akili, rangi si hoja.

Umri wake sijauliza, kwa sababu ukimuuliza baba umri anakuuliza kama unataka kumrithi. Nitawauliza wazee wa kike.

Lakini nimeona jambo! Padri aliniandikia vyeti vyote viwili kwenye karatasi. Cheti cha baba ya Kagwe kinasema Delmas ni mtu wa Bourbon. Cha baba yangu kinasema ni mtu wa Réunion. Si ina maana ni Wafaransa wawili? Jina moja, watu wawili, kama akina Mutua wanaojaa hapa kiwandani? Nimefurahi mpaka nikaunguza ugali. Niambie ndiyo.

Ndinda

*

Ruiru, 14 Julai 1956

Bi Ndinda,

Hapana. Bourbon na Réunion ni kisiwa kimoja. Bourbon ni jina la zamani. Wafaransa walilibadilisha zaidi ya mara moja, na wenyeji waliendelea kutumia walilozoea. Karani wa konseli ameniambia Delmas alizaliwa mji wa Saint-Pierre, kisiwani huko, kwa wazazi walowezi, akaja Mombasa akiwa na mbegu za kahawa. Ni mtu mmoja. Ulifanya vizuri kulinganisha. Pole kwa ugali.

Yamebaki manne. Konseli imekosea mwaka wa kifo. Au aliyetengeneza msalaba alikosea. Au umri wa baba yako umeandikwa pungufu na alizaliwa kabla ya 1910. Au konseli na cheti cha baba yako vyote ni sawa, na Kalondu, mke mdogo wa Delmas, alizaa na mtu mwingine baada ya kufiwa, kisha mtoto akabandikwa jina la Mfaransa kwa heshima au kwa faida.

La nne halipendezi. Naliandika kwa sababu lazima mtu aliandike, na ni afadhali litoke kwangu kuliko kwa Padri. Likiwa kweli, nyinyi si ndugu. Nataka ushahidi wa watu wawili wasiofahamiana, kwa kila tarehe.

Muulize Kalondu mwenyewe. Muulize wazi.

G. Muhoro

*

Thika, 25 Julai 1956

Mjomba,

Kai! Ulimwandikia nini Ndinda? Hasemi na mimi. Jana nilimngojea getini baada ya king'ora, akapita na wanawake wenzake kama mimi ni nguzo ya simu. Mmoja wao akanipigia kelele: "Waambie watu wa Ruiru susu za watu si habari za gazeti!" Kiwanda kizima kikacheka. Hata askari wa getini.

Nikapata maneno kwa mama wa lebo. Ati umesema bibi yake ni malaya. Mjomba, mimi ninakujua, najua hukutumia neno hilo. Lakini wewe ukiandika jambo ni kama umepiga msumari. Miaka yote hiyo ya gazeti, watu wanasoma habari za wengine. Hii ni ya kwao.

Mimi sitaki mwanamke mwingine. Baba amesema kama Padri akikataa nitafute Mkikuyu na mambo yaishe. Nikamwambia hayaishi.

Andika tena, lakini pole pole.

Kagwe

*

Thika, 6 Agosti 1956

Bwana Mwandishi,

Nilikasirika, sasa nimepoa, kwa hiyo ninakuandikia. Usidhani nimekusamehe yote.

Jana Jumapili nilikwenda Ngoliba. Nilikusudia kumuuliza Susu Mukonyo peke yake, nikawakuta wote wawili wanachambua mbaazi kwenye ungo mmoja. Nikasema liwalo na liwe.

"Susu, babu alikufa mwaka gani?"

"Miaka ni ya watu wa misheni," akasema Susu Mukonyo. "Mimi najua alivyopelekwa. Aliugua hapa kwangu, mkojo ukawa mweusi, akaisha. Wazungu wenzake wakataka azikwe kwenye kahawa yake Ruiru. Tukampakia gari la ng'ombe. Mto ulikuwa umejaa, tukalala naye ng'ambo hii mpaka maji yakapungua."

"Kwa nini hamkumpeleka kwa treni?"

"Treni gani? Reli ya Thika ilikuwa haijatandikwa. Ilikuja mimi nikiwa mjane. Waliokuwa wakiitandika niliwauzia maziwa."

Nikauliza baba alizaliwa lini. Akasema treni ilikuwa tayari inapiga kelele, na kwamba alikuwa ananyonya wakati serikali ilipoanza kukamata watu wakabebe mizigo ya vita vya Wajerumani. Mzee mmoja jirani, Mbuvi, aliyekuwa akipita kuomba moto, akasema hata yeye anakumbuka, kwa sababu alijificha kwenye ghala lao na kilio cha huyo mtoto kilitaka kumtoa.

Nikamgeukia Susu Kalondu. "Na wewe Susu, uliolewa na babu lini?"

Wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka mbaazi zikamwagika.

"Babu yako?" akasema Susu Kalondu. "Huyo sikumwona hata kivuli. Mume wangu ni huyu hapa, anayeninyima ugoro."

"Asi! Nilikutoa kwenu kwa ng'ombe wangu," akajibu Susu Mukonyo, "na ugoro juu?"

Bwana Muhoro, labda nyinyi mnafanya vingine. Kwetu mwanamke aliyefiwa bila mtoto wa kiume anaweza kuoa mke. Analipa mahari yeye mwenyewe, anaenda kwa wazazi wa msichana kama mume anavyoenda. Huyo msichana anaitwa iweto. Watoto atakaozaa ni wa nyumba, na baba yao ni yule mume aliyekufa. Si mtu wa kusingiziwa. Ni baba. Susu Mukonyo alikuwa amezika watoto wawili wachanga na nyumba yake ilikuwa inazimika. Ng'ombe alioachiwa na Mzungu wake ndio aliompelekea baba ya Susu Kalondu. Ilijulikana na wazee wote. Baba alipokwenda kubatizwa akaulizwa jina la baba yake, alisema lile analojua kila mtu. Hakudanganya.

Mimi nilikuwa najua Susu Kalondu ni mke wa Susu Mukonyo. Tangu nikiwa mtoto. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza, na kwa sababu sikujua kuwa babu alikuwa amekufa kabla. Nilidhani babu alikuwa bado hai, wakaishi watatu.

Nikauliza, basi aliyemzaa baba ni nani? Kicheko kikaisha. Susu Mukonyo akasema: "Nilimchagua mimi. Alikuwa Mkamba, mwenye adabu, na jina lake linabaki na mimi." Usiniambie nirudi kuuliza.

Kwa hiyo, Bwana Mwandishi, hakuna malaya.

Ndinda

*

Ruiru, 11 Agosti 1956

Ndinda,

Nilisoma "susu wawili" nikaandika wake wenza wa Delmas. Sikuuliza. Kosa ni langu na nimelifuta katika maelezo yangu. Mwambie Kalondu hivyo.

Mambo yamekaa hivi. Reli ilifika Thika mwaka 1913. Nimeona tangazo la ufunguzi katika magazeti ya zamani ya ofisi yetu. Mtu aliyepelekwa Ruiru kwa gari la ng'ombe kabla ya reli hakufa 1919. Mukonyo na konseli hawajuani, na wanakubaliana. Mzee Mbuvi na cheti cha ubatizo wanakubaliana juu ya umri wa baba yako. Msalaba umebaki peke yake. Mlinzi wa shamba anasema uliwekwa na mwenye shamba wa tatu, baada ya ule wa mbao kuliwa na mchwa. Nani alimpa huyo mwaka, sijui, na sitabuni.

Jina la mwanamume sitaliuliza. Kwa kazi yangu ningeuliza. Padri halihitaji. Anahitaji kujua tu kwamba si Delmas, na tarehe mbili zinatosha kusema hivyo.

Baba yako lazima atie sahihi. Kwa unavyomweleza, hatatia sahihi karatasi inayosema yeye si mtoto wa Mfaransa, na kwa mila yenu ingekuwa uongo akitia. Kwa hiyo nimeandika hivi, nawe umsomee kama ilivyo:

"Auguste Delmas alifariki Machi 1909. Mimi, Muthoka, nilizaliwa 1914 katika nyumba yake, kwa Kalondu, iweto wa mjane wake Mukonyo, na kwa mila ya Wakamba mimi ni mtoto wake."

Kila neno ni kweli. Hakuna linalomvua jina. Padri atahesabu mwenyewe.

Akishatia, mpelekee Padri Kinsella siku hiyo hiyo.

G. Muhoro

*

Thika, 21 Agosti 1956

Mjomba,

Kagwe amesema nikuite hivi. Nimeanza, ukikataa niambie.

Padri amekubali. Alisoma mara mbili, akatoka nje akavuta kiko, akarudi. Akauliza, "Huyu mzee wa kike alioa?" Nikasema ndiyo. "Akalipa?" Nikasema alilipa. Akasema Biblia ina mambo magumu kuliko hayo, na kwamba yeye anaulizwa habari za damu tu, na damu haipo. Akaandika pembeni mwa kitabu. Kwake njia ni nyeupe.

Shida imetoka kwa baba. Maneno yako aliyapenda mno. Alitia sahihi kwa wino, akaongeza Delmas kwa herufi kubwa, akataka nakala aitundike ukutani. Baada ya muda akaniita.

"Nisomee tena mwisho."

"Kwa mila ya Wakamba mimi ni mtoto wake."

"Haya. Na Githinji wa Ruiru ni mtoto wa nani?"

"Wa Delmas."

"Basi ni ndugu yangu. Na Kagwe ni mtoto wangu. Mwanamke gani anaolewa na mtoto wa baba yake?"

Nikamwambia Padri amesema hakuna damu. Akasema damu ni mambo ya Padri na ya mchinjaji. Mbuzi wa ntheo, wale wanaofanya ndoa kuwa ndoa, Mfaransa aliwatoa kwa watu wa Mukonyo, na Mukonyo akawatoa kwa watu wa Kalondu. Hiyo ndiyo njia aliyopitia yeye kuja duniani, na hatalala na aibu ili mimi nivae veli. Mjomba, yale maneno uliyoyachonga ili asikasirike ndiyo anayonizuilia nayo.

Nilikwenda kulia kwa Susu Mukonyo. Aliniacha nilie, hakunibembeleza. Kisha akaniuliza: "Na huko Ruiru, mbuzi walitoka?"

Nikasema sijui.

"Siku ya kuzika," akasema, "kulikuwa na msichana wa Kikuyu ana mtoto mgongoni, mweupe kama viazi vilivyomenywa. Alisimama nyuma ya ua wa kahawa. Hakuna aliyemwambia aje mbele, wala hakuja. Mke hasimami nyuma ya ua. Lakini hiyo ni miaka, na mimi nilikuwa na kilio changu. Muulize yule mtu wenu wa kuuliza."

Wewe ndiye mtu wetu wa kuuliza. Kama Wamboi hakutolewa mahari, kwa hesabu ya baba Githinji si mtoto wa nyumba ya Delmas, ni mtoto wa nyumba ya baba yake Wamboi. Kama alitolewa, mimi ni dada yake Kagwe na nitaomba kazi Machakos nisimwone tena getini.

Ulisema upande wa Ruiru hauna utata. Uliuliza?

Ndinda

*

Ruiru, 30 Agosti 1956

Ndinda,

Sikuuliza. Niliandika bila kuuliza, mara ya pili katika habari moja.

Wamboi alifariki miaka mingi iliyopita, kwa hiyo ilibidi nimuulize mwanawe. Nilikwenda kwa Githinji juzi jioni kabla ya saa ya kutotoka nje. Unajua ni seremala. Mji mzima wa Ruiru unamwita Mfaransa, na anaitika. Alikuwa anapiga randa. Dada yangu Gathoni alikuwa anamenya viazi mlangoni.

Nikamuuliza kama Delmas alitoa mahari kwa baba ya Wamboi.

Hakuacha randa. "Hiyo ni ya gazeti?"

"Ni ya mwanao."

"Mama yangu alikuwa mke wa Mzungu. Kila mtu anajua."

"Nani alikula mbuzi?"

Nikamweleza hesabu ya Muthoka, kama ulivyoniandikia. Akasema Wakamba wana mambo. Nikamwambia sisi tunayo hayo hayo, tofauti ni kwamba hatujaulizwa.

"Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya watu wa Ngoliba niseme mama yangu hakulipiwa hata mwana-kondoo?"

"Nataka useme lililo kweli. Ikiwa alilipiwa, sema alilipiwa, na tutamtafutia Kagwe maisha mengine."

Hapo dada yangu akasema bila kuinua kichwa: "Baba ya Kagwe, wewe unaitwa nani?"

"Nini tena?"

"Githinji. Githinji ni nani? Ni baba ya Wamboi. Mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la babu yake wa upande wa baba. Wewe ulipewa wa upande wa mama kwa sababu upande mwingine haukuwa na mtu. Ulitahiriwa kutoka boma la wajomba zako. Kila mtu Ruiru anajua kuhesabu, wanakuonea haya tu."

Nimemjua huyu mtu tangu alipomwoa dada yangu. Nimeandika habari za watu kwa muda mrefu kuliko huo. Jina hilo nimelitamka mara nyingi sana na sikuliona.

Githinji aliweka randa chini. Alikaa kwenye benchi lake. Kisha akasema: "Huyo Mzungu alikuwa akitoka kwenye kahawa na kurudi. Mama alisema angelipa, alikuwa akisubiri mavuno. Labda ni kweli. Mimi nilikuwa mgongoni."

Gathoni akamletea chai. Akanywa yote.

"Nitasema," akaniambia. "Nitasema mara moja, nikiwa nimesimama, na hakuna atakayenisemea. Wewe hasa. Na mbuzi wa Kagwe nitawatoa mimi, wote wanaotakiwa, mchana, watu wakiangalia."

Mpelekee baba yako habari hii kama ilivyo. Usiipambe.

Gerishon Muhoro

Na ukiniita Mjomba sikatai.

*

Thika, 6 Septemba 1956

Mjomba,

Nilimsomea baba Jumapili. Sikupamba kitu. Alisikiliza akinoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

"Atasema mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Amesema hataki kusemewa."

"Mbele ya wazee?"

"Mbele ya wazee."

Nilidhani atafurahi kwamba yeye ndiye mtoto wa Delmas aliyebaki, peke yake. Hakufurahi. Akasema, "Huyo mtu anaitwa Mfaransa Ruiru nzima, na anakuja kuvua hilo jina hapa kwangu ili mtoto wake aoe." Kisha akasema: "Asikalishwe nyuma. Ataketi kwenye kiti changu." Mjomba, kile kiti hata mimi sikikalii.

Wazee watatu wameulizwa, mmojawapo ni Mbuvi. Wamesema Githinji akitamka hivyo hakuna undugu, wala kwa damu wala kwa mbuzi, na kwamba hawajawahi kuona watoto wawili wa mtu mmoja wasiokutana popote. Mbuvi amesema anakuja hata kama mvua inanyesha, hili hataki kusimuliwa.

Susu Mukonyo ana masharti yake. Mbuzi waingie kwake kwanza, si kwa baba, kwa sababu nyumba ni yake. Susu Kalondu amesema ngozi ya mmoja ni yake, akaambiwa aombe kwa mume wake. Wamegombana hadi jioni.

Nilimuuliza Susu Mukonyo kama anamkasirikia Mfaransa, kwa yule msichana wa nyuma ya ua. Akasema: "Kwangu alilipa. Huko aliwahiwa na kifo, au hakutaka. Mwenye kujua amekufa. Waambie waje na maji ya kunywa ya njiani, mto wetu una chumvi."

Kagwe nimeanza kumsalimia getini. Nasimama kidogo tu, asizoee.

Je, mtapata vibali?

Ndinda

*

Ruiru, 11 Septemba 1956

Ndinda,

Bwana D.O., afisa wa wilaya, ametia sahihi asubuhi hii. Kibali kina majina manne: Githinji, Gathoni, Kagwe ambaye tutamchukua Thika, na mimi. Karani aliuliza sababu ya safari. Nilisema kutoa mahari. Aliuliza kwa nini mahari ina mwandishi wa gazeti. Nilisema mimi ni mjomba. Kibali cha mbuzi ni karatasi ya peke yake, na daktari wa mifugo atawatazama Ijumaa mchana nyuma ya soko la Ruiru.

Githinji ameshonesha koti. Amefanya mazoezi ya maneno yake akiwa peke yake karakana. Ukuta wake ni wa mbao, nasikia nikipita. Kila siku yanapungua. Jana yalikuwa sentensi moja.

Padri Kinsella amenijibu kwamba atasoma tangazo la kwanza la ndoa Jumapili tarehe 16, mradi apate habari ya Ngoliba kabla ya misa. Utampelekea wewe.

Tunafika Jumamosi, tarehe 15 Septemba, saa nne asubuhi, bomani kwa Mukonyo. Githinji atasema kwanza, mbuzi watafuata. Kibali kinaisha saa kumi na mbili jioni.

Mjomba wako,
Gerishon Muhoro